Mikono ya Mama Baada ya Adhuhuri

Wakati wa matanga ya mama yangu, jirani alileta sufuria ya sombe, na kabla sijamshukuru niliangalia mikono yake. Niliangalia kucha, niliangalia kitambaa alichoshikia sufuria, niliangalia hata mfuniko kama umekaa sawa. Ni mwanamke mwema, tumesimama naye safu moja msikitini miaka mingi. Sombe yake ilinukia inavyopaswa: majani ya muhogo yaliyotwangwa mabichi, mawese, visamaki vya ndagala vilivyokaangwa kidogo kabla ya kutiwa. Nilimwambia Mungu amlipe, nikaipeleka ndani, nikakaa. Sikula mpaka nilipomwona yeye mwenyewe anakula.

Mama amekufa mzee, kitandani mwake, na hakufa kwa sumu. Hilo nalijua vizuri kuliko wengi. Lakini harufu ya sombe ikinifikia ghafla, macho yangu yanakwenda kwanza kwa mpishi, hata kama mpishi ni binti yangu. Si tabia nzuri, na sikuzaliwa nayo. Niliipata katika ua wetu, mtaa wa Buyenzi, majira yale mikono ya mama ilipoanza kumkataa.

Wenzangu wa rika langu mliokulia pale mtakumbuka michana ile. Cheche za wachomeaji zikiruka mpaka katikati ya barabara, mafuta machafu ya injini yakinuka juani, miguu ya mafundi ikitokeza chini ya magari kana kwamba magari ndiyo yamevaa ndala. Miguu miwili kati ya hiyo ilikuwa ya baba. Gereji yake ilikuwa ng'ambo ya barabara, na mama alikuwa kwenye baraza letu anasuka nywele, hivyo waliweza kuonana mchana kutwa bila kusemezana.

Wanawake walimfuata mama kutoka mbali, hata Kanyosha. Alianzia kwenye paji la uso na kurudi nyuma, vidole vikitembea vyenyewe huku yeye akipiga soga, na kichwa kikitoka mikononi mwake kilikuwa kimekazwa mpaka nyusi za mteja zimepanda. Mteja alilalamika kwa furaha. Ninyi mliowahi kusuka mnajua kwamba nywele si nzito. Kilicho kizito ni mikono yako mwenyewe unapoishikilia hewani kuanzia chai ya asubuhi mpaka adhana ya alasiri.

Kwa sababu hiyo hatukupikiwa na mama. Alitupikia Mama Furaha, mwanamke wa Kikongo aliyekuja na mtoto mgongoni na kupanga chumba cha nyuma katika ua wetu. Alikuwa Mkristo, aliimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini ili asimkere bibi yangu, mama mzaa baba, ambaye tuliishi naye. Mapatano yake na mama yalikuwa mafupi.

"Yaya Mwajuma," alimwambia mama, kwa vile huko kwao yaya ni dada mkubwa, "we suka vichwa, mi ntapika. Tutakula chungu kimoja."

Na tulikula chungu kimoja, kwa raha, mpaka kope ya jicho la kushoto la mama ilipoanza kushuka.

Mwanzoni ilikuwa mzaha. Wateja walimwuliza anamkonyeza nani, na mafundi wa ng'ambo walimtania baba kwamba mke wake anawaita. Asubuhi kope ilikuwa juu, kama ya mtu yeyote. Adhuhuri ikipita, ilishuka taratibu, kama pazia ambalo mtu amesahau kulifunga. Halafu ikaja mikono. Nakumbuka mteja mmoja, mwuza vitenge mwenye mdomo, alivyojitazama kwenye kioo akageuza kichwa huku na huku.

"Mwajuma! Upande huu umenisuka bibi harusi. Huu mwengine umenisuka mutu wa kuenda kulima."

Watu walicheka. Mama naye alicheka, na cheko lake lilitoka limepinda. Lakini mimi niliona kwamba yule mwanamke amesema kweli tupu. Misuko ya kwanza ilikuwa imekaza kama kamba, ya katikati ilikuwa inapumua, na ya mwisho, karibu na sikio la kulia, ungeweza kupitisha kidole. Ukitaka kujua mama amechoka kiasi gani, hukuhitaji kumwuliza, ulisoma kichwa cha mteja.

Baadaye ugonjwa ulihamia mdomoni, na hapo ndipo ua wetu ulipoharibika. Mama alianza kula kama kawaida. Tonge la kwanza, la pili, anazungumza. Kisha taya zikaanza kwenda polepole, akashika kidevu kwa mkono kukisaidia, na mwisho akasukuma sahani. Mwingine akiona hivyo atasema: huyu kutafuna kunamchosha. Bibi aliona kitu kingine. Aliona mtu mwenye afya anaanza kula chakula cha mtu fulani, na chakula chenyewe kinamlegeza mbele ya macho yetu.

"Huyu amelishwa," alisema. Hakusema kwa sauti kubwa. Hakuhitaji.

Kwetu, ninyi mnajua, anayekupa kinywaji au chakula anaonja kwanza. Wageni hudhani ni adabu tu. Ni adabu, lakini ni adabu iliyozaliwa na hofu, na mtu akikuomba uonje wakati mmeshakula pamoja mwaka mzima, amekutukana. Jioni moja Bibi aliweka kijiko kwenye sufuria ya maharage akakielekeza kwa Mama Furaha.

"Onja, mama."

Mama Furaha alitazama kijiko. Alimtazama baba, ambaye alikuwa anatazama mkeka. Akala kijiko kizima, akameza, akafungua mdomo wazi kama mtoto kwa daktari wa meno.

"Kimeenda. Uangalie na chini ya ulimi, Bibi."

Usiku ule mama alilegea vilevile, na Mama Furaha alikuwa mzima. Ningedhani jambo limekwisha. Bibi alisema: "Murozi hawezi kujiroga. Anakunywa dawa yake kwanza." Tangu hapo nilijifunza kwamba shaka haishibi. Ukiipa ushahidi inaula, halafu inaomba mwingine.

Mimi nilitumwa jikoni. "Kaa pale," Bibi aliniambia, "angalia mikono. Uso utakudanganya, mikono haidanganyi." Nilikaa juu ya kigoda karibu na moshi, nikakodoa macho, na Mama Furaha alinitambua kabla hajaweka sufuria motoni.

"Umetumwa kunichunga?"

"Ndiyo," nilisema, kwa sababu niliulizwa.

"Basi chunga muzuri." Akanyoosha mikono mbele ya uso wangu, viganja, kisha migongo, kisha akatanua vidole. "Umeona? Haya. Mulinzi naye anafanya kazi. Menya kitunguu."

Nilimenya, na machozi ya kitunguu yalinizuia kuona, na nikashuku kwamba hiyo ndiyo sababu ya kunipa kitunguu.

Sikuona unga wowote, wala chupa, wala fundo kwenye pindo la kitenge. Kitu nilichoona kilikuwa kikubwa zaidi, nacho sikumwambia mtu, kwa vile nilidhani kinaonekana na kila mtu. Mama Furaha alitwanga sombe mchana, baada ya adhuhuri, kwenye kinu kilichokaa chini ya dirisha letu. Alikuwa na mikono minene, inayong'aa jasho, na mchi uliposhuka ardhi iliitikia mpaka kwenye baraza. Dum. Dum. Na ilikuwa saa ileile, kila siku, ambapo mikono ya mama ilianza kushuka. Mchi unapanda kule, mikono inashuka huku. Nilisimama katikati, kwenye mlango wa ukumbi, nikiangalia upande huu na upande ule, na nikaelewa: nguvu zinatoka kwa mama zinaingia kwa Mama Furaha, na kinu ndicho kinachozivuta.

Nilifanya nilichoweza. Siku moja asubuhi niliuficha mchi nyuma ya pipa la maji. Mchana ule sombe haikutwangwa, Mama Furaha alizunguka ua akiuliza hata kuku, na mama, wallahi, alikuwa na mikono mizima mpaka magharibi! Alinichana nywele zangu mwenyewe na kuzisuka, kitu ambacho hakuwa amekifanya kwa muda mrefu. Moyo wangu ulidunda kwa kiburi. Haikunijia kabisa kwamba mvua ilinyesha tangu alfajiri, njia zote zilikuwa tope, na hakuna mteja hata mmoja aliyekuja. Mama alikuwa amekaa siku nzima na mikono mapajani.

Ramadhani iliingia, na nadharia ya Bibi ilipata taabu. Hakuna aliyekula tangu daku, na bado adhuhuri kope ya mama ilishuka na mikono ikafuata. Baba, ambaye alikuwa mtu wa kuthubutu mara chache, alisema: "Mama, leo hajala kitu. Sumu imepitia wapi?" Bibi alisema ni ile ya jana. Nadharia yangu haikuhitaji chakula. Kinu kilikuwa kinalia vilevile, sombe ya futari.

Kilichotuogopesha sote kilitokea wakati wa kufuturu. Mama alikunywa maji, na maji yakatoka puani. Akajaribu tena, akakohoa kikohozi kisicho na nguvu, chembamba, macho yakimtoka. Baba alimwinamisha mbele akampigapiga mgongoni. Ilipopita, alijaribu kutuambia hajambo, na maneno yalitoka puani kama ya mtu anayezungumza ndani ya mtungi. Hata mtoto angejua. Mtu ambaye maji yanamrudi hataishi.

Bibi alisimama pale pale akamgeukia Mama Furaha, aliyekuwa amesimama na bakuli la uji mkononi.

"Utatoka kwa ua huu," alisema. "Ijumaa isikukute. Labda ukiwa mbali itamuachia."

"Ntaenda wapi, Bibi?"

"Kule ulitoka."

"Kule nilitoka kuna moto." Mama Furaha aliweka bakuli chini. Mtoto mgongoni alikuwa amelala. "Ndugu yangu moja iko Buterere. Kule mvua ikinyesha maji inaingia mpaka kitandani. Nipeleke huyu mutoto ndani ya maji?"

Mama alijaribu kusema kitu, na hatukumwelewa.

Aliyetutoa pale hakuwa mtu mkubwa. Alikuwa msichana anayesomea uuguzi, aliyekuja kusukwa asubuhi ya siku iliyofuata, kabla mama hajachoka. Mama alikuwa amekataa kuacha kazi. Kichwa kilipokwisha, kope ya mama ikiwa imeshashuka, msichana alijitazama kwenye kioo, kama yule mwuza vitenge, akapapasa msuko wa kwanza, akapapasa wa mwisho. Hakulalamika. Aligeuka akamtazama mama usoni kwa muda.

"Mama, asubuhi unaamka namna hii?"

"Apana. Asubuhi niko mzima."

"Ukipumzika inarudi?"

"Inarudi kidogo."

"Mi sijue vizuri," alisema msichana. "Bado nasoma. Lakini twende kwa hospitali. Mwalimu wangu aone. Leo, mama."

Tulikwenda kwa gari la mteja wa baba, ambalo baba alikuwa analijaribu breki. Bibi alikuja, kwa sababu hakumwamini mtu yeyote kumwachia mama, na mimi nilikuja kwa sababu hakuna aliyenizuia. Daktari alikuwa mzee, Kiswahili chake kilikuwa kimechanganyika Kirundi na Kifaransa. Alimwambia mama atazame dari, asishushe macho. Mimi nilimshuku papo hapo. Kwa nini asitake mama aone mikono yake inafanya nini? Niliitazama mimi badala yake. Mikono ya daktari ilikuwa imekaa magotini, haifanyi kitu, na kope za mama zikashuka, zote mbili, huku yeye akizipandisha nyusi kwa nguvu zake zote.

Akamwambia anyooshe mikono mbele na kuishikilia. Ikatetemeka, ikashuka. Nikasikiliza. Palikuwa na kilio cha mtoto kwenye chumba cha pili, na mtu anavuta kitanda chenye magurudumu. Hapakuwa na kinu. Hapakuwa na mchi popote karibu, Mama Furaha alikuwa Buyenzi, na mikono ya mama ilikuwa inashuka mbele yangu bila mtu kuivuta. Nilihisi kama nimeangushwa na mtu ambaye hakunigusa.

Muuguzi alileta barafu kutoka kwenye friji, imefungwa ndani ya glovu, vidole vya glovu vimesimama kama vya mtu aliyekufa maji. Daktari alimfumba mama macho, akaiweka juu ya kope ya kushoto. Tulingoja. Maji baridi yalitiririka kwenye shavu lake. Alipoiondoa, mama alifungua macho, na jicho la kushoto lilikuwa wazi, duara, la mama yangu wa zamani. Lilinitazama. Lile la kulia lilibaki limefunikwa nusu.

"Barafu inatoa sumu?" Bibi aliuliza.

"Bibi, hakuna sumu."

Kisha akatueleza, na alieleza zaidi kwa baba, kwa vile aliona mikono yake yenye grisi. Nitayasema nilivyoyaelewa, na mengine niliyaelewa baadaye sana, nilipokuwa nampeleka mama mwenyewe. Sikusoma mbali. Ukitaka kuinua mkono, ubongo unatuma habari kwenye mshipa wa fahamu. Habari hiyo ni umeme, lakini si kama ule wa kwenye nguzo. Ni umeme wa chumvi. Utando wa mshipa ni mwembamba kupita kitu chochote tulichowahi kushika, nao unaweka chumvi ya aina moja nje na ya aina nyingine ndani. Kwa kuwa pande mbili hazilingani, kuna nguvu imekaa pale inangoja, kama betri iliyojaa na ufunguo haujageuzwa. Habari ikifika, milango midogo kwenye utando inafunguka, chumvi ya nje inaingia kwa kasi, na kuingia kwake kunafungua milango inayofuata, na hiyo inayofuata, mpaka mwisho wa mshipa.

Baba aliinua kidole. "Kama waya wa demareri, ile ya kuwasha injini. Betri mzima, moteri mzima. Basi kwa mama huyu waya umeachia pale kwenye demareri?"

"Karibu," daktari alisema. "Lakini hapa waya haugusi moteri hata kwa mutu mzima. Iko nafasi."

Nafasi hiyo ni ndogo, jicho haliioni. Mshipa ukifika pale unamwaga majimaji yake, nayo yanavuka na kubisha kwenye milango ya upande wa pili, upande wa nyama. Milango hiyo ikifunguka, chumvi inaingia tena, umeme unaamka upya juu ya nyama, unatambaa na kuzama ndani mpaka kwenye akiba ya madini, yale yale yanayojenga mifupa. Madini yakimwagika, nyuzi za nyama zinashikana na kuvutana, na mkono unapanda. Halafu mfagiaji anapita kwenye ile nafasi, anayafagia majimaji, ili habari nyingine ipite. Yote hayo katika muda wa kupepesa jicho. Mama alikuwa anayafanya mara zisizohesabika juu ya kichwa kimoja cha mteja, na hakuna aliyemshukuru.

Kwake, milango ya upande wa nyama ilikuwa imezibwa, mingine imevunjwa. Asubuhi, baada ya kulala, mshipa una majimaji mengi, kwa hiyo hata milango michache iliyobaki inabishwa vya kutosha. Ukiendelea kufanya kazi, kila habari inakuja na majimaji kidogo kuliko iliyotangulia, na nyama haisikii tena. Si kwamba haina nguvu. Haijaambiwa. Baridi inamchelewesha mfagiaji, ndiyo maana kope ilipanda. Na kulikuwa na vidonge vya kumchelewesha vilevile.

"Nani ameziba milango?" baba aliuliza.

Daktari alikuna shingo. "Ni mwili wake. Mwili uko na askari wa kupigana na magonjwa. Hao askari wameona milango yake mwenyewe, wakafikiri ni adui."

Bibi alikuwa amekaa pembeni, mkoba mapajani, na aliuliza kwa upole kabisa.

"Na hao askari, nani aliwatuma?"

Daktari alikuwa mtu mkweli. "Hatujui, Bibi."

Bibi aliegemea kiti kama mtu aliyeshinda shauri.

Kwa hiyo tulirudi na vidonge, lakini hatukurudi na amani. Kabla ya magharibi Buyenzi nzima, au ile sehemu yake iliyotuhusu, ilijua kwamba daktari mwenyewe amekubali hajui aliyetuma. Kidonge cha kwanza kilimkata mama tumbo, akakimbilia chooni, na Bibi akasema si mnaona, inatoka. Mama Furaha hakuingia jikoni tena. Alikuwa amekwisha kusema na kijana wa mkokoteni. Mimi nilikuwa nimepoteza nadharia yangu na sikuwa na nyingine, nikakaa kwenye kizingiti cha ukumbi nikimshuku kila mtu: vidonge, daktari, Bibi, hata mama, kwamba labda amejificha ndani ya mwili wake na kutuachia huu.

Ijumaa baada ya alasiri mkokoteni ulikuwa langoni, godoro limeshafungwa juu yake. Ilikuwa saa mbaya ya mama, saa ya mikono iliyokufa. Alikuwa amesamehewa kufunga kwa ajili ya dawa, na alimeza kidonge, akakaa kitandani akingoja, midomo imefumbwa, kama mtu anayesikiliza hatua za mgeni nje. Kisha akasimama. Alipita ukumbini bila kushika ukuta. Nilimfuata.

Mama Furaha alikuwa anatoka chumbani mwake, mtoto mgongoni, furushi la vyombo kwapani, na sufuria ndani yake ikigongana na sufuria. Mama alimshika kifundo cha mkono.

"Niachie, Yaya. Niende kabla ya giza."

"Siachi."

"Mi nilikupikia tu kwa kukupenda. Sasa nikibaki, kila siku ukikohoa wataniangalia."

"Waangalie."

"Bibi alisema Ijumaa."

"Aliyekula chakula chako ni mimi," mama alisema, na maneno yalitoka mdomoni, si puani. "Aliyelegea ni mimi. Kwa nini hakuna aliyeniuliza mimi?"

Mama Furaha alivuta mkono wake kwa upole, jinsi unavyojitoa kwa mgonjwa. Haukutoka. Akavuta tena, kwa nguvu kidogo. Niliona vidole vya mama vinazama kwenye ngozi ile nyeusi, ncha za vidole zimebadilika rangi, na mishipa imesimama mpaka kwenye kiwiko. Mama Furaha aliacha kuvuta. Aliutazama mkono uliomshika, kisha akamtazama mama, kisha akautazama tena mkono.

"Yaya," alisema polepole, "unanifinya."

"Nakufinya?"

"Unaniumiza kabisa! Angalia, itaacha alama."

"Kweli unasikia maumivu? Usiniambie kwa huruma."

"Huruma gani! Uniachie, mwanamuke we, unavunja mufupa!"

Na mama, badala ya kuachia, alikaza. Alikuwa analia na uso wake ulikuwa bado haujui kucheka sawasawa, lakini alikuwa anacheka. Kijana wa mkokoteni alisogea kuangalia, akidhani ni ugomvi. Bibi alitoka jikoni kwa kelele ile, ukanda wa kitenge umelegea, majivu kwenye vidole, kwa sababu siku hizo alikuwa anatupikia yeye na tulikuwa tunakula kwa adabu tu. Aliona mkono wa mkwe wake umemng'ang'ania yule mwanamke, saa ile ya mchana.

"Mwajuma!" alipiga kelele. "Muachilie mutu! Utamuvunja mukono, halafu nani atatutwangia?"

Tulimgeukia wote. Nadhani hata yeye alisikia alichosema, kwa kuwa alirudi jikoni haraka na kuanza kugongagonga vyungu ambavyo havikuhitaji kugongwa. Mama aliachia. Mama Furaha alibaki kwenye kizingiti, anatazama mlango wa jikoni, anatazama alama za vidole kwenye mkono wake. Kisha akaliweka furushi chini, apate mkono wa kujisugulia.